Mguu wa Guka na Uongo wa Kwenye Boksi: Historia Fupi ya Busta ya Breki

Pedali ya breki iligeuka jiwe tukiteremka kwenda Mai Mahiu.

Wale mnaijua hiyo barabara mnajua vile imekaa. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine Bonde la Ufa limefunguka mpaka unaona Longonot, na mbele yako lori limejaa mzigo linanguruma na gia ndogo. Dereva alikuwa Guka, miaka 78, kwenye Peugeot 504 steshen wagoni ambayo ameiendesha tangu kabla mamangu hajaolewa. Mimi nilikuwa kiti cha mbele nikirekodi video. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Hii kitu imekataa."

Hakupiga nduru. Aliteremsha gia mara mbili, injini ikalia, akavuta handibreki kidogo kidogo, akaelekeza gari pale wanauza kofia za manyoya na ngozi za kondoo. Tukasimama. Hakuna aliyeumia. Guka akaweka mikono yote miwili kwenye usukani, akakaa kimya, halafu akaniuliza swali moja tu: "Ile spea ulininunulia, uliitoa wapi?"

Video hiyo sikuiposti na sitaiposti. Hii posti ndiyo jibu langu kwa hilo swali. Ni refu, kwa sababu nilipoanza kutafuta jibu nilijikuta nimerudi nyuma miaka mia moja.

Kabla ya busta kulikuwa na paja

Wasee wengi wa rika langu tumejifunzia kuendesha Vitz na Demio. Unagusa pedali na kidole gumba cha mguu, gari inasimama. Hatujawahi kujiuliza nguvu inatoka wapi. Inatoka kwa busta, ile kitu nyeusi ya duara kama sufuria mbili zimefunikizana, imefungwa kwa ukuta wa injini, nyuma ya masta silinda.

Zamani hakukuwa na hiyo sufuria. Kulikuwa na nyaya, vyuma na paja la dereva. Gari zikawa nzito, injini zikapata nguvu, lakini mguu wa binadamu ukabaki ule ule. Mwaka wa 1919 Hispano-Suiza walileta gari ya H6 iliyokuwa na breki kwa magurudumu yote manne na msaada wa kimashine: mzunguko wa gari yenyewe ndio uliosaidia kuvuta breki. Rolls-Royce, pamoja na majivuno yao yote, walinunua leseni ya mfumo huo. Mwaka wa 1921 Duesenberg wa Marekani wakaweka breki za majimaji kwa magurudumu manne. Majimaji yalisambaza nguvu vizuri zaidi, lakini nguvu yenyewe bado ilikuwa ya mguu.

Mwaka wa 1927 wazo la mhandisi Mbelgiji, Albert Dewandre, likaingia sokoni kupitia Bosch wa Ujerumani, kwanza kwa magari makubwa ya mizigo. Wazo lenyewe ni rahisi mpaka linakera. Injini ya petroli ikivuta pumzi inatengeneza ombwe, yaani mahali ambapo hewa imenyonywa ikabaki kidogo. Mbona hiyo nguvu ya kunyonya ipotee bure? Ichukue kwa mpira, ipeleke kwa sufuria iliyogawanywa katikati, acha hewa ya nje isukume upande wa pili. Mwaka uliofuata, 1928, Pierce-Arrow wa Marekani wakaweka busta ya aina hiyo kwa gari ya abiria.

Halafu vita vikaja. Malori ya jeshi la Marekani kama GMC CCKW yalibeba busta ya Bendix iliyoitwa Hydrovac. Ukisikia fundi mzee wa malori akisema "haidrovaki", hajabuni neno. Anatumia jina la bidhaa lenye miaka themanini na zaidi. Na kwa bahati, barabara ile ile iliyotutisha mimi na Guka ilichongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita hivyo hivyo. Kanisa lao dogo bado liko pale chini.

Kwa nini ikawa lazima

Breki za zamani zilikuwa za dramu. Dramu ina ujanja wake: gurudumu likizunguka linaivuta ile brekishuu ndani zaidi, inajikaza yenyewe kama kabari kwenye mlango. Kwa hivyo ulikuwa unasamehewa ukikosa busta.

Shida ya dramu ni joto. Teremka mlima mrefu umekanyaga breki na zinaanza kulegea. Mwaka wa 1953 Jaguar walishinda mbio za Le Mans na C-Type yenye breki za diski za Dunlop, na dunia ikaona. Mwaka wa 1955 Citroën wakaleta DS yenye diski mbele. Diski hupoa haraka, lakini haijikazi. Inabana kwa kadiri unavyoibana, basi. Kwa hivyo gari ya familia ikipata diski, karibu lazima ipate na busta.

Hapo ndipo 504 inaingia. Ilizinduliwa 1968, ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1969, na ilikuja na diski na busta. Kumbuka hilo unaposikia mtu akisema busta ni starehe tu. Wahandisi waliopima mguu, pedali na diski za 504 walihesabu wakijua busta iko na inafanya kazi.

Sasa hesabu kidogo, msinikimbie. Chukua busta yenye upana wa sentimita 23. Ndani yake kuna dayaframu, mpira mpana kama chapati. Eneo lake ni kama sentimita mraba 415. Injini ikiwa sailensa, kule Mombasa, tofauti ya mgandamizo kati ya pande mbili inaweza kufika karibu kilo 0.7 kwa kila sentimita mraba. Zidisha: ni karibu kilo 290. Hayo ni magunia matatu ya mahindi na kitu juu, yote yanakusaidia kukanyaga. Dayaframu ikipasuka, magunia yote matatu yanashuka kwa wakati mmoja, na unabaki na mguu wako peke yake. Breki zipo, lakini zinataka nguvu ambayo mzee wa miaka 78 mwenye goti bovu hana.

Na kuna kitu sikuwahi kuambiwa. Nimesema kule Mombasa kwa makusudi. Busta inategemea uzito wa hewa ya nje, na Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 18. Limuru ni juu zaidi. Maana yake busta ile ile inakusaidia kidogo huku kuliko inavyomsaidia mtu wa Likoni. Busta iliyochoka inaweza kujificha Pwani lakini ikakuumbua juu ya Bonde la Ufa.

Gari iliyokuwa yetu

Kuna watu wananiuliza, buda, si muuze hiyo mkebe mnunue Probox? Swali ni la haki, na jibu langu ni la historia.

Peugeot ilijijengea jina huku kwetu kwa vumbi. Gari ya 404 ilishinda Safari mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Gari ya 504 ikashinda 1975 na 1978. Watu waliona kwa macho yao gari ambayo wangeweza kuinunua ikipita matope yaliyoshinda zingine. Kwa hivyo 504 steshen wagoni ikawa teksi ya masafa marefu, ile ya abiria kubanana safu tatu, Nairobi hadi Nakuru, Nakuru hadi Kisumu. Guka alikuwa mmoja wa hao madereva. Karo ya mamangu na wajomba zangu ilitoka kwa hicho kiti cha nyuma.

Kwa miaka fulani gari hizi ziliunganishwa hapa hapa, Mombasa. Spea zilikuwa na njia yake: zilitoka kiwandani zikaingia kwa wakala, kisha kwa duka, kisha kwa fundi. Ilikuwa ghali na mara nyingi ulingoja, lakini ukiulizwa spea imetoka wapi ulikuwa na jibu.

Halafu hiyo njia ikakatika pande mbili.

Upande wa kwanza ni huku. Mapema miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya biashara, na gari zilizotumika kutoka Japani zikamiminika. Sisemi ilikuwa mbaya. Bila hizo, wengi wetu hatungewahi kuona wazazi wetu wakiwa na gari. Lakini maduka ya spea yalifuata pesa. Rafu iliyokuwa na vitu vya Peugeot ikajaa vya Toyota, na hakuna mwenye duka wa kulaumiwa kwa hilo.

Upande wa pili ni Ulaya. Sedani ya 504 iliacha kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1983. Halafu waliotengeneza breki wakaanza kununuana. Bosch walinunua biashara ya breki za majimaji ya Bendix mwaka wa 1996. Teves, wenye jina la ATE, wakaingia Continental mwaka wa 1998. Lucas, waliokuwa na jina la Girling, wakaishia TRW mwaka wa 1999, na TRW nao wakamezwa na ZF mwaka wa 2015. Hayo ni majina makubwa ya busta za gari za zamani, na yote yamehama nyumba. Jina linaweza kuwa kwenye boksi leo huku kiwanda kilicholipa heshima hilo jina kilishageuzwa kitu kingine.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na simu yangu na ujuaji wangu.

Kosa langu, na bei yake

Gari ya Guka ilikuwa inatetemeka sailensa kwa miezi. Fundi wa mtaa akarekebisha kabureta mara tatu, akabadilisha plagi, ikatulia siku mbili, ikarudi pale pale. Siku moja nikasikia ukikanyaga breki kuna sauti chini ya dashibodi, *ssss*, kama nyoka amekasirika. Busta ilikuwa inavuja. Hewa ilipita kwa dayaframu iliyochoka na kuingia kwa injini, ikiharibu mchanganyiko wa petroli. Miezi yote tulikuwa tunatibu kichwa na mgonjwa anaumwa tumbo.

Nikasema mimi ndiye nitatafuta spea. Nani mwingine? Mimi ndiye wa mtandaoni. Nikapata kiti ya kukarabati busta, kwa boksi linalong'aa, lenye jina kubwa la Ulaya, shilingi 3,500. Muuzaji aliniambia, "Hii ni orijino kabisa, boss, angalia hata stika." Nikaangalia stika. Hilo ndilo kosa langu. Niliangalia stika.

Wiki mbili baadaye tulikuwa Mai Mahiu.

Baada ya hapo nilipeleka busta kwa fundi mmoja mzee wa Grogan. Kwenye ramani hiyo ni Barabara ya Kirinyaga, lakini jina la yule mkoloni Ewart Grogan limekataa kutoka midomoni mwa watu wa spea. Mzee huyo hana ukurasa popote. Ana meza, taa na kopo la vyuma vidogo vidogo. Akafungua, akatoa dayaframu yangu ya 3,500, akaiweka kando ya ile kuukuu iliyopasuka. Akapima ukingo wa zote mbili. Ukingo wa mpya ulikuwa mwembamba kuliko mfereji unaofaa kuubana. Ulikuwa umejikunja ndani, ukajikata kwenye chuma.

"Kijana," akaniambia, "boksi haisimamishi gari."

Nilitaka kubisha kwamba sikujua. Halafu nikakumbuka Guka na mikono yake kwenye usukani, nikanyamaza.

Kuna spea za aina nne, na zote zinaweza kukudanganya

Huyu mzee ndiye aliyenifunza kwamba swali la "orijino ama feki?" ni fupi mno. Kwa gari ya zamani unakutana na spea za aina nne.

*Ya kwanza ni stoki ya zamani.* Boksi halijafunguliwa tangu miaka ya 1970 au 1980, limetoka stoo ya mtu aliyefunga duka. Wapenzi wa gari za zamani wanaabudu hizi. Kwa chuma, sawa, mara nyingi ni dhahabu. Kwa mpira, hapana. Mpira haujui kwamba hujaufungua. Unazeeka ukiwa umelala, unakauka, unapata nyufa ambazo huzioni mpaka uunyooshe. Dayaframu ya 1978 ndani ya boksi safi bado ni dayaframu ya 1978.

*Ya pili ni mtumba,* busta nzima kutoka kwa gari iliyovunjwa. Ni rahisi kuipata na inaingia bila kusumbua. Lakini imezeeka sawa na yako. Inunue kwa sababu ya sufuria, vyuma na fito za ndani, halafu bado uikarabati. Ukiifunga ilivyo, umebadilisha shida na shida ya jirani.

*Ya tatu ni mpya iliyotengenezwa upya* na watu wanaoshughulika na busta za zamani tu. Wako Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko. Ni ghali na unangoja. Lakini hawa ndio wana uwezekano wa kujua mpira umemwagwa lini na kwa kipimo gani.

*Ya nne ni kopi.* Na hapa naomba tuwache ile hadithi ya "ya China ni mbaya." China inatengeneza breki za gari mpya zinazouzwa dunia nzima, nzuri na mbaya. Swali ni nani aliyeagiza, alitoa kipimo gani na nani alikagua. Kopi yenye jina lake mwenyewe, inayosema imetengenezwa na nani, ninaiheshimu kuliko feki inayojificha nyuma ya jina la mtu. Ya kwanza ina wa kuulizwa. Ya pili haina. Kenya tuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, lakini sheria haikai nawe kwenye mteremko.

Tulivyofanya mara ya pili

Kwanza tulisafisha busta mpaka namba zilizogongwa kwenye chuma zikaonekana. Usinunue kwa jina la gari peke yake. Kampuni moja ya gari iliweza kununua busta kwa watengenezaji tofauti, hata kwa modeli ile ile. "Ya 504" si jibu. Piga picha za namba, pima upana wa sufuria, unene wa ukingo wa dayaframu, na kipenyo cha fito inayopita kwenye sili.

Pili, niliandikia wakarabati watatu. Wawili walinitumia bei ndani ya saa moja. Wa tatu, wa Uingereza, alinijibu kwa maswali: namba gani, fito ina kutu, vali ya upande mmoja ni ya aina gani, gari ni ya petroli au dizeli? Swali la dizeli lina maana, kwa sababu dizeli haitengenezi ombwe la kutosha kwenye njia ya hewa na hutegemea pampu yake. Nilimchagua huyo. Muuzaji anayekuuliza maswali kabla ya kukuuliza pesa anajua kuna namna ya kukosea.

Tatu, nilinunua vitu vyote vinavyochoka pamoja: dayaframu, sili ya fito, kichujio cha hewa, vali ya upande mmoja na mpira wake wa kuketi, na ile diski ndogo ya mpira inayokaa mbele ya fito. Hiyo diski inaweza kukwama kwenye vumbi ukaitupa bila kujua. Ikikosekana, breki zinashika ghafla kama zimeshtuliwa. Na ule mpira mrefu unaotoka kwa injini lazima uwe wa kuhimili kunyonywa. Wa kwetu ulikuwa wa petroli, wa kukata kwa mita. Ukinyonywa unajibana kama mrija wa soda.

Nne, masta silinda. Ikivuja nyuma, oili ya breki inaingia ndani ya busta, inababua rangi na kuleta kutu. Ukikarabati busta na kuacha masta silinda inayovuja, pesa yako imekwenda.

Ilichukua wiki tano na kama shilingi 19,000 pamoja na usafiri. Wiki hizo tano zilikuwa ndefu nyumbani. Mjomba alikuwa ameshapata mtu wa skrepa, 80,000 pesa taslimu. "Gari imetaka kuua mzee," alisema, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu aliyetaka kumuua mzee nilikuwa mimi na stika yangu. Guka alipanda matatu kwenda kliniki na hakulalamika hata siku moja. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Kazi ya kufungua na kufunga aliifanya mzee wa Grogan, si mimi. Ndani ya busta kuna springi imebanwa, na ukiifungua vibaya inaweza kukuvunja mkono au kukutoa jicho. Sufuria ilipakwa zinki upya. Fito iligeuzwa kwenye mwanga kama mtu anakagua sindano, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu unakula sili mpya. Mwisho akapima nafasi kati ya fito na masta silinda. Ikizidi, pedali inaenda chini bure. Ikikosekana kabisa, breki zinaburuta, zinapata moto, mwishowe zinajifunga zenyewe.

Alichonifunza kupima, nakupa bure. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Shikilia, washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inasaidia. Halafu zima, ngoja dakika chache, kanyaga tena. Ukipata mikanyago miwili au mitatu laini, vali inashika. Ukiikuta ngumu mara moja, kuna mahali panavuja. Hii unaweza kufanya hata kwa Vitz yako, leo jioni, kwenye parking.

Maoni yangu

Kuna watakaoniambia tungeweka tu busta ya gari ya Kijapani. Inawezekana, na nimeona kazi safi. Lakini busta kubwa zaidi au masta silinda ya kipimo kingine inabadilisha nguvu ya breki na urefu wa pedali. Ukifanya na vipimo, heshima. Ukifanya kwa kuwa matundu ya bolti yamelingana, unacheza kamari, na walio barabarani nawe hawajaweka dau.

Ninachokataa ni hii tabia yetu ya kuchukulia spea kama viatu. Kiatu feki kinakuaibisha. Spea feki ya breki inasubiri mteremko. Tunaposema "nipe ile ya bei ya chini, ni gari mzee tu," tunasahau kwamba gari mzee hubeba watu wa umri wote.

Na kwa wale wanaodhani gari za zamani ni mchezo wa matajiri wa Karen na maonyesho ya Jumapili: kuna 504, Datsun na Land Rover zinazobeba maziwa, miraa na wanafunzi mpaka leo. Wenye hizo gari hawatafuti tuzo. Wanatafuta dayaframu yenye ukingo wa kutosha. Mafundi wanaojua kupima huo ukingo wamezeeka, na sijaona kijana hata mmoja amekaa kando ya ile meza ya Grogan kujifunza. Hilo linanitisha karibu sawa na ule mteremko.

Miezi miwili baadaye tulirudi Mai Mahiu. Safari hii Guka alinipa ufunguo. "Wewe ndiye ulinunua," alisema, "wewe ndiye utajaribu." Nikateremka kwa gia ya tatu, nikigusa breki kabla ya kila kona, na kila mara pedali ilinijibu laini. Sikurekodi chochote. Nilitazama kando mara moja tu. Guka alikuwa ametulia, macho mbele, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga sakafu, kwa nguvu, mahali ambapo hakuna pedali.

Tulipofika kule chini kwa kanisa la Waitaliano, ndipo akauinua.